Mjumbe na Kijiji cha Kwenye Gemu

Vijana wa siku hizi wakijua kwamba niliwahi kuendesha banda la gemu pale Manundu, Korogwe, huniuliza ni gemu zipi za safari nilizozipenda na kwa nini. Wanataka orodha. Wana haki, kwa sababu mtu aliyemalizia ujana wake mbele ya tivii yenye chenga lazima awe na orodha, maana kingine cha kuonyesha hana.

Gemu za safari tuliziita zile ambazo hupigi mpira wala hukimbizi gari. Unapewa mtu, unapewa kijiji chake na mfuko wake, kisha unatembea naye nchi nzima kwa miezi, unaongea na kila unayemkuta, unapigana na mazimwi na kupata nguvu kidogo kidogo. Sidii zetu zilikuwa za kunakiliwa, zilipanda basi kutoka Kariakoo bila hata jina, kwa hiyo watoto wa Manundu walizibatiza wenyewe. Nilipenda Panga la Babu kwa sababu ya muziki wake, ambao mpaka leo ukinijia kichwani unakuja na harufu ya vitumbua. Nilipenda Mnara kwa sababu hakuna aliyewahi kuumaliza. Sidii ilikuwa na mkwaruzo kwenye ghorofa ya mwisho, na kila fundi aliyefika pale aligeuka kuwa sawa na sisi wengine. Ya tatu ni Mlinzi wa Kisima. Hiyo ndiyo naipenda kuliko zote, na siwezi kueleza sababu bila kumweleza Mjumbe, yaani mzee wa nyumba kumi wa mtaa wetu, ambaye kwa miaka yote tuliyokuwa na banda alikuwa na kazi moja kubwa: kuhakikisha kijiji cha mwanzo cha gemu ile hakichomwi moto.

Nilimpenda mzee yule. Naliweka hili mapema kwa sababu mengi nitakayoyasema hayatafanana na mapenzi.

Ilikuwa miaka ya soko huria, ambapo kila mtu aliambiwa afanye biashara, hata yule asiye na cha kuuza. Mjomba wangu alikuwa amepunguzwa kazi kwenye shamba la mkonge kule Mazinde. Badala ya kununua baiskeli kama watu wenye akili timamu, kiinua mgongo chake akakigeuza kuwa tivii mbili na mashine mbili za gemu zilizokwishatumika, akanikabidhi mimi, akarudi Mazinde kulima mahindi. Banda lilikuwa la mabanzi, na mbele yake mama muuza vitumbua alikuwa na meko yake. Haikupita wiki mama huyo akapeleka malalamiko kwa Mjumbe kwamba watoto wanaotumwa vitumbua wanaishia kwangu na hela ya vitumbua inaishia kwangu pia. Alikuwa anasema kweli tupu.

Mjumbe akaja kulifunga banda. Alivaa kaunda suti iliyokuwa ya bluu enzi zake, na mkononi alishika tochi, ingawa jua lilikuwa utosini. Tochi ile ilikuwa ya kazi. Aliitumia kumulika chini ya vitanda vya watu.

"Shikamoo Mjumbe."

"Marahaba. Kibali cha mkutano huu kiko wapi?"

"Si mkutano, Mjumbe. Ni biashara."

"Watu wengi wamekaa, wote wanaangalia upande mmoja, na mmoja peke yake ndiye anayefanya kitu," akasema. "Mimi nimehudhuria mikutano tangu hujazaliwa. Huu ni mkutano."

Mjumbe hakuwa mtu wa kukurupuka. Kabla ya kukurupuka aliitisha kikao. Kwa hiyo akaketi kwenye benchi ili achunguze kwanza hicho anachokifunga, na kwa bahati yangu tivii iliyokuwa mbele yake ilikuwa na Mlinzi wa Kisima. Kijana wa kwenye gemu alikuwa amesimama kushoto na panga, zimwi lenye pembe limesimama kulia, na mtoto aliyekuwa na pedi ya kuchezea alikuwa amekwenda kukojoa. Mjumbe akaangalia kwa muda.

"Mbona hili lidude halimpigi?"

"Linasubiri zamu yake, Mjumbe. Kijana akishapiga, ndipo nalo linapiga."

"Na kijana asipopiga?"

"Litasubiri mpaka kesho."

Mjumbe akageuka akatazama nje, upande wa barabara, ambako basi la Handeni lilikuwa limesimama na watu wanapitishana madirishani, mizigo mbele, watoto nyuma. Akarudi kulitazama zimwi lile lenye pembe, lililotulia kwa adabu. "Kuna utaratibu," akasema taratibu, na hilo kwake ndilo lilikuwa neno la juu kabisa la sifa. Banda halikufungwa. Aliamua kwamba watoto wenye sare za shule wasionekane humo kabla ya masomo kwisha, na kwamba uchunguzi bado unaendelea. Uchunguzi huo uliendelea kwa miaka kadhaa, kila siku alasiri, kwenye mashine ya upande wa ukutani.

Mjumbe alicheza gemu namna ambayo sijaona mtu mwingine akicheza. Wachezaji wote duniani, nina hakika, wakifika kijijini huingia kila nyumba bila kubisha, hupita mbele ya mwenye nyumba, hufungua makabati na mitungi, huchota kila kilichomo na kuondoka. Ndivyo gemu inavyotaka. Vitu vinawekwa humo ili uvichukue. Mjumbe alisimama nje ya kila mlango, akasema "Hodi!" kwa sauti hadi mama wa vitumbua anageuka, akahesabu moyoni, akasema tena, na baada ya mara ya tatu ndipo akaingia. Akiingia anamsalimia mwenye nyumba. Mtungi hagusi.

"Mjumbe, humo kwenye mtungi kuna ngao."

"Ya kwako?"

"Ni ya gemu."

"Ya mwenye nyumba," akasema. "Muulize kama anaiuza."

Hakukuwa na kitufe cha kumuuliza. Ndiyo maana kijana wa Mjumbe alitembea na fimbo na kaptura mpaka mwisho.

Kichekesho ni kwamba Mjumbe huyohuyo, kwenye nyumba zetu za kweli za Manundu, hakuwahi kupiga hodi hata siku moja. Aliingia uani kwako ukiwa unaoga. Alifunua sufuria yako aone unapika nini, akaonja, akauliza mafuta umeyapata wapi. Alimulika tochi chooni, darini, na mara moja ndani ya jeneza lililokuwa linasubiri mwenyewe, kwa maelezo kwamba alisikia kuna pombe ya magendo. Siku moja nilishindwa kuvumilia nikamuuliza: inakuwaje watu wa kwenye tivii wanapigiwa hodi mara tatu na sisi tunavamiwa? Akanitazama kama ninayeuliza jambo la darasa la kwanza.

"Ninyi mlinichagua," akasema. "Hawa hawanijui."

Kwa upande wa dawa ndipo miaka ya foleni ilipojionyesha ndani yake. Kwenye gemu zile unaokota au kununua chupa za dawa, ukijeruhiwa unakunywa. Mjumbe alinunua chupa, akaziweka. Akaokota nyingine, akaziweka. Alikuwa ametoka kwenye nyakati za duka la kaya, ambapo sukari ikionekana unaichukua leo kwa sababu ya mwezi ujao, na mwezi ujao ukifika huigusi kwa sababu ya mwezi unaofuata. Kijana wake alikuwa anakufa akipigwa na panya, mfuko umejaa dawa hadi gemu inakataa kupokea nyingine. "Kunywa, Mjumbe!" banda zima linapiga kelele. Yeye anatikisa kichwa. "Hali inaweza kuwa mbaya zaidi," anasema, na kijana anakata roho.

Gesti zilimkera. Mle ndani, ukichoka, unalipa unalala na kuamka mzima. Mara ya kwanza nilipomfafanulia, aliweka pedi chini. "Mgeni kafika kijijini na vidonda, halafu analipishwa kitanda? Hakuna mwenyekiti hapa?" Nikamwambia ndiyo biashara, na waliotengeneza gemu ni Wajapani. Akasema basi soko huria limefika hadi kwa Wajapani, akamlaza kijana wake nje, chini ya ukuta. Kijana hakupona, bila shaka, kwa sababu gemu haikujua kwamba kuna mtu analala nje kwa kutetea msimamo.

Gemu ilikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza cha Mjumbe kiliishia kwenye kuhesabu na kukataa. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, cheo kisicho na posho. Alitaka tafsiri kamili. Nikichoka nikafupisha, alinikamata, kwa kuangalia tu urefu wa mistari. "Huyu ameongea maneno mengi, wewe umenipa machache. Mengine umeyapeleka wapi?" Na watu wa kwenye gemu hizi, kama mnavyojua, hurudia neno lilelile kila ukiwagusa. Kando ya kisima cha kijiji kile alikuwapo bibi mmoja mwenye kitambaa chekundu kichwani, ambaye neno lake lilikuwa moja, nami nililitafsiri kila siku ya Mungu: "Ukirudi, mwanangu, utakuta mkate umeiva." Mjumbe alimjibu kila siku, kwa heshima zote, "Asante, bibi, nimeshakula." Kisha akanitaka nimthibitishie kwamba bibi hakuongeza kitu.

Sasa kuhusu huko kuchomwa moto. Hadithi ya Mlinzi wa Kisima huanza hivi: kisima kimekauka, mzee wa kijiji anakutuma pangoni ukalete jiwe la kurudisha maji. Ukitoka pangoni na jiwe lako unakuta kijiji kimeungua, hakuna mtu, na safari yenyewe ndiyo inaanzia hapo. Kila mchezaji anajua. Unapita, unasikitika kwa muda wa wimbo mmoja, unaendelea. Mjumbe hakujua, mpaka siku moja alipogeuza shingo na kuona kwenye tivii ya pili kijana wa mchezaji mwingine anatoka pangoni na moshi umejaa. Kwanza hakuelewa. Alipogundua kwamba ni kijiji kilekile, cha bibi yuleyule, alisimama.

"Nani kachoma?"

"Askari wa mfalme, Mjumbe. Huwaoni. Unakuta wameshaondoka."

"Kwa nini wachome?"

"Hadithi imeandikwa hivyo."

"Na nani?"

"Wajapani."

"Wao wakiandika, sisi tunatii tu?" akasema Mjumbe, mtu ambaye maisha yake yote alitii kila kilichoandikwa na kugongwa mhuri.

Tangu siku hiyo aliahirisha kwenda pangoni. Alianza kuzunguka kijiji kile kwa nje, kwenye majani, akipigana na panya na vinyonga wanaotokea hapo, alasiri baada ya alasiri, apate nguvu. Nia yake alinieleza kama anayenieleza mpango wa sungusungu: kijana akiwa na nguvu ya kutosha, ataingia pangoni mbio, atatoka mbio, na askari hao wa mfalme atawakuta bado mlangoni na kuwafundisha adabu. Nilimwambia haiwezekani. Watoto walimwambia. Mama wa vitumbua, ambaye siku hizo alikuwa anasogeza kigoda chake aone yanayoendelea kwa watu anaowashitaki, naye alimwambia. Mjumbe aliendelea kuua panya.

Siku ya gulio alikuwa anakuja mfugaji mmoja kutoka mbuga za Handeni, kijana mrefu mwenye rungu, ambaye akishauza mbuzi wake alilipia kiti akae tu atazame. Yeye kijiji kile hakukiheshimu. "Hapa hakuna ng'ombe," alisema siku moja. "Mbuzi hakuna. Kuku mmoja, na hatembei. Watu hawa wanahamishika kirahisi." Aliyasema kwa utani, na sote tulicheka. Mjumbe, ambaye nilikuwa nimemwona akitukanwa na walevi bila kupepesa, alimgeukia yule kijana kwa ukali. "Hakuna mtu anayehamishika kirahisi," akasema. "Usirudie." Mfugaji akaomba radhi kwa kosa asilolijua, nami nikaongeza sauti ya muziki ili biashara iendelee.

Hatimaye kijana wa Mjumbe alifikia nguvu ambayo gemu yenyewe nadhani haikuitarajia. Panya walikufa kabla hajawagusa. Mjumbe akatangaza siku. Alikuja amenyoa ndevu, banda likajaa, hata mama wa vitumbua aliacha mafuta jikoni. Alisevu kwanza, yaani alihifadhi pale alipofikia, kwa sababu kuna utaratibu. Akapita nyumba hadi nyumba, hodi tatu kila mlango, akaaga. Akamuaga bibi wa kisimani, akaahidiwa mkate. Akaingia pangoni, akalipiga lile zimwi la ndani pigo moja, akachukua jiwe, akatoka mbio kiasi ambacho kidole kinaweza kukimbia.

Moshi. Muziki ule wa huzuni. Kuta nyeusi, na kisima katikati kimebaki peke yake.

Alimtembeza kijana wake mpaka mahali palipokuwa na mlango wa kwanza, ambapo sasa hapakuwa na mlango, akasimama. "Hodi," akasema. Akaenda wa pili. Watoto wakaanza kucheka chinichini. Alipomaliza nyumba zote alirudi kisimani akabonyeza pale alipokuwa anasimama bibi, na kwa vile hapakuwa na mtu, hakuna maandishi yaliyotokea.

"Wako wapi?"

"Hawapo, Mjumbe. Gemu haisemi."

"Walipewa muda wa kutoa vyombo?"

Hapo banda zima liliangua kicheko, na mimi nilicheka kuliko wote. Vyombo! Nani duniani amewahi kuulizia vyombo vya watu wa kwenye tivii? Msemo huo ulibaki mtaani. Mtu akifungwa magoli mengi kwenye gemu ya mpira, wenzake walimuuliza kama amepewa muda wa kutoa vyombo.

"Zima," akasema Mjumbe. Nikadhani anatania. "Zima, nimesema!"

Nikazima. Nikawasha tena, tukasubiri ile nembo ipite, nikafungua pale alipokuwa amesevu. Kijiji kikarudi, na kuku wake mmoja asiyetembea. Bibi alikuwa kisimani. Mjumbe akavua kofia yake, akamsalimia, nami nikatafsiri habari za mkate. Hakwenda tena pangoni. Memori kadi, kile kikadi kilichotunza alichosevu, aliichukua mkononi, akaandika juu yake kwa kalamu ya wino MJUMBE, na kwa kuwa ndiye serikali pekee tuliyokuwa tunaiona, hakuna aliyethubutu kuifuta.

Siwezi kusema nilielewa. Nilidhani ni uzee. Nilidhani pia ni ule ukaidi wa watu waliozoea kuambiwa na kuwaambia wengine, na sasa wameona kwamba vyama vimekuwa vingi, maduka yamekuwa ya watu, mashamba ya mkonge yana wenyewe wapya, na hakuna anayewauliza kitu. Mtu kama huyo, nilijisemea, amepata hatimaye kijiji kisichobishana naye. Nilijiona mwerevu sana kwa maelezo hayo na niliwapa watu bure.

Banda lilikufa kifo cha kawaida. Vijana wakapata simu zenye gemu ndani, mashine moja ikaungua umeme uliporudi kwa nguvu, na mama wa vitumbua, mshindi wa mwisho, akapangisha kibanda changu akaongeza chapati. Mimi nikaingia kwenye vioo na chaji za simu. Mjumbe alikuwa ameshafiwa na mkewe, na miguu ikaanza kumsaliti, basi bintiye, ambaye ni muuguzi, akamchukua kwenda kukaa naye Handeni mjini. Alipoondoka aliacha tochi kwa mjumbe mpya, na kwangu hakuacha kitu, kwa sababu kadi yake nilikuwa nayo.

Miaka ikapita. Siku moja bintiye akanipigia simu.

"Kaka, samahani kwa usumbufu. Baba hali yake si nzuri, na kila siku anaulizia watu wake. Tumewaleta, lakini hatulii."

"Watu wake wapi?"

"Wa Manundu, nyumba kumi zake. Alikuja mjumbe mpya na wazee watatu, wamekodi gari kabisa. Huyo mpya kasoma taarifa ya mtaa, na ya vyoo pia. Baba kasikiliza mpaka mwisho, kashukuru, halafu kasema si hao. Mama wa vitumbua ndiye kasema labda wewe unajua."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Nikaitafuta ile mashine iliyobaki, nikaipangusa vumbi, nikaifunga kwenye shuka na kupanda basi la Handeni.

Nilimkuta sebuleni kwa bintiye, kwenye kochi, amevalishwa koti ingawa Handeni ilikuwa inachoma. Alikuwa amepungua. Mikono ilitetemeka kiasi kwamba kikombe alishikiwa.

"Shikamoo Mjumbe."

"Marahaba. Umekuja nao?"

"Nimekuja nao."

Nilipounganisha nyaya nilikuwa na hofu, nakiri, kwa sababu kadi ilikuwa ya siku nyingi na vitu vya namna hiyo hufutika vyenyewe bila kuaga. Ilifunguka. Muziki wa kijiji ukaanza, ule wa filimbi, na kuku akatokea mahali pake. Mjumbe akaegemea mbele. Nikampa pedi, akaitazama mikono yake, akanirudishia.

"Nenda kwa bibi," akasema.

Nikampeleka kijana kisimani, fimbo na kaptura yake, nguvu za kuua zimwi lolote. Nikabonyeza. Maandishi yakatokea, nami nikajiandaa kutafsiri, lakini Mjumbe alikuwa anasema kitu, tena si kwangu.

"Sisi tuliwaambia adhuhuri," alisema. "Wakati ule wa kuhamia vijijini. Mimi nilikuwa kijana, ndiye niliyeshika kipaza sauti juu ya lori. Nikawatangazia, kesho adhuhuri kila mtu awe ametoa vyombo vyake. Wakatupikia, unajua? Tukala kwao." Akavuta pumzi. "Kesho yake dereva akasema ana safari nyingine. Tukafika saa nne. Wengine walikuwa bado shamba. Kulikuwa na bibi ana kitu jikoni, akasema ngojeni kiive kwanza. Moto haukungoja."

Nilimwonea huruma, nikawaonea huruma watu wa kijiji ambacho hata jina lake hakulitaja, na nilikasirika, sijui hata kwa upande wa nani. Miaka yote ile nilikuwa natafsiri habari za mkate.

"Mwambie atoe vyombo," akasema Mjumbe.

Gemu ile haina kitufe cha kusema hivyo. Ina kitufe kimoja tu cha kuongea, na ukikibonyeza anaongea mwenzako. Nikakibonyeza, nikainua sauti kama yeye alivyokuwa akiinua kule bandani. "Hodi, bibi! Mjumbe anasema mtoe vyombo!" Maandishi yakatokea kwenye kioo, yaleyale, kwamba nikirudi nitakuta mkate umeiva.

"Amesemaje?"

Mjumbe alikuwa ananitazama. Mzee huyu alinikamata kila nilipopunguza neno.

"Anasema ameshaanza kutoa," nikasema. "Anasema mkate ataubeba."

Akaangalia urefu wa maandishi. Akaniangalia mimi. Nilidhani atauliza mengine nimeyapeleka wapi. "Vizuri," akasema. "Sasa jirani yake."

Tukapita nyumba hadi nyumba. Hodi tatu kila mlango. Kila mtu alisema neno lake la siku zote, na mimi nilitafsiri kwamba anafunga godoro, anashusha kinu, anamwita mtoto aje ashike kuku. Mfua chuma alichelewa kuelewa, ikabidi tumrudie. Tulipomaliza wote nikamuuliza kama niende pangoni.

"Una haraka gani?" akasema. "Kaa hapohapo kisimani."

Nikamwacha kijana kando ya bibi. Filimbi ikaendelea kupiga. Bintiye akaingia na chai, akatukuta tumekaa mbele ya kijiji ambacho hakuna kinachotokea.

"Mnasubiri nini?"

"Adhuhuri," akasema baba yake.

Dada akatazama saa ya ukutani, kisha akanitazama mimi. "Baba, hii ni alasiri. Adhuhuri imeshapita."

"Basi ya kesho," akasema Mjumbe.

Nikaomba dada asiizime mashine, nikasogeza kiti karibu na kochi, nikamshikia mzee kikombe.